Kazi isiyoonekana ndiyo inayotulisha

Huenda umelitandaza gazeti hili mezani baada ya kutoka kanisani, huku ukingoja chakula cha mchana. Huenda wewe ni mwanafunzi, gazeti limo mkononi mwa baba, nawe unachungulia ukingoja zamu yako. Popote ulipo, ninalo swali dogo la kukuuliza kabla hatujaenda mbali. Chai uliyokunywa leo asubuhi ilipikwa na nani?

Usiharakishe kujibu. Jina lake najua unalijua. Ninachouliza ni kama unajua aliamka saa ngapi, maji aliyatoa wapi, na ni nani atakayekiosha kikombe ulichokiacha chini ya kiti. Kama majibu yote yamekutoka bila ya kusita, basi wewe ni mtu wa nadra na makala haya unaweza kumwachia mwenzako. Kama umesita, karibu tuketi tuzungumze.

Kazi za kila siku zina tabia moja ya ajabu. Zikifanywa vizuri, hazionekani. Fundi akijenga nyumba, nyumba husimama miaka hamsini na wapita njia wakasema, "Hii ilijengwa na fulani." Lakini aliyefagia ua saa kumi na mbili asubuhi, kufikia saa nne kuku wamekwisha kuuchakura na watoto wamekwisha kuukanyaga. Sahani iliyooshwa mchana huchafuka jioni. Shati lililopigwa pasi jana leo limekunjamana. Hakuna jiwe la msingi linalowekwa kwa ajili ya kufua nguo, wala hakuna mheshimiwa anayekuja kukata utepe mbele ya sufuria iliyosuguliwa ikang'aa.

Kwa hiyo jicho la binadamu huiona kazi hii siku moja tu, nayo ni siku isipofanywa. Hujapata kumsikia mtu akiingia nyumbani na kusema, "Alaa! Kumbe leo mtungi una maji!" Lakini mtungi ukiwa mtupu, nyumba nzima hupiga kelele, na kila mmoja hutaka kujua ni nani mwenye makosa.

Wengi wetu tulifunzwa jambo hili kwa nguvu mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakuliona darasa tena hadi Januari 2021. Kengele ya alfajiri waliyokuwa wakiilaani wakaanza kuitamani. Tarehe 27 ya mwezi huo huo wa Machi ikaanza amri ya kutotoka nje, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa ofisini hizo zilikuwa saa za kula na kulala. Kwa mvuvi wa omena katika Ziwa Victoria, hizo hasa ndizo saa za kazi. Jambo ambalo watu walilifanya kila usiku bila ya kulifikiria likageuka kuwa jambo la kuombewa ruhusa. Ndipo wengi walipotambua kwamba mazoea yetu ya kila siku, hata yale yanayotuchosha, ndiyo nguzo iliyoshikilia paa la maisha yetu.

Na kwa kuwa nimeitaja omena, hebu tumfuate samaki huyu mdogo kutoka ziwani hadi kwenye sahani. Wenzetu wa pwani humwita dagaa. Ni mdogo kuliko kidole, lakini ana mengi ya kutufunza kuhusu kazi na shukrani.

Jua linapotua upande wa ziwa, mashua huondoka kwenye fuo, kuanzia Dunga pale Kisumu hadi Mbita, Rusinga na visiwa vya mbali. Omena huvuliwa usiku, na usiku wenyewe uwe wa giza, kwa maana samaki hawa hufuata mwanga. Wavuvi huwasha taa na kuzielekeza majini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Omena hukusanyika chini ya mwanga huo, kisha wavu hushushwa na kuvutwa. Mwezi ukiwa mpevu uking'aa angani, taa za wavuvi hushindwa nguvu na mavuno hupungua. Ukisimama ufuoni usiku wa giza na kutazama ziwani, utadhani kuna mji mwingine unaoelea majini. Mji ule ni watu walio kazini wakati wewe unajifunika blanketi.

Alfajiri mashua zinapotia nanga, kazi hubadili mikono. Akina mama huwa wanangoja na karai na beseni zao. Wananunua, kisha wanaanua omena na kuwatandaza juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa mchangani. Hapo ndipo kazi inapoanza. Omena wasipogeuzwa hawakauki sawasawa. Ndege wasipofukuzwa hufanya karamu. Jua likiwaka vyema, samaki hukauka siku hiyo hiyo. Lakini mvua ikinyesha ghafla, mama asipowahi kuwakusanya, fedha zake huharibika mbele ya macho yake. Omena walionyeshewa huoza au huuzwa kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Ndiyo maana wanawake wa ufuoni husoma mawingu kwa makini kuliko wengi wetu tunavyosoma gazeti.

Kutoka hapo omena hupakiwa kwenye magunia na kusafirishwa masokoni. Kwa miaka mingi wakazi wa Kisumu wameijua Jumapili kuwa siku kuu ya soko la Kibuye, na huko omena hupimwa kwa gorogoro na kumwagwa ndani ya mifuko. Nawe ukinunua, kazi bado haijakwisha. Mtu lazima aketi na ungo au sinia, awachambue mmoja mmoja, aondoe vijiwe, vijiti na vipande vya kombe. Lazima awaoshe kwa maji ya moto, mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi mchanga wote utoke. Kisha ndipo mafuta, kitunguu, nyanya, na kwa wengine maziwa kidogo. Ugali nao unasongwa upande wa pili.

Halafu unaletewa mezani. Unakula kwa dakika kumi, unanawa mikono, unarudi kwenye televisheni. Ukikuta punje moja ya mchanga, unakunja uso na kuuliza, "Hivi hawa omena waliosha kweli?"

Msomaji wangu, punje hiyo moja uliiona. Je, zile mia zilizoondolewa uliziona?

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Watu wengi wakisikia habari ya kupata maana katika kazi za kila siku, hudhani wanaambiwa wazipende. Wanaambiwa waoshe vyombo huku wakiimba na wafagie huku wakitabasamu. La hasha! Kuchambua omena kwa saa nzima mgongo ukiwa umepinda hakupendezi, na anayesema kunapendeza huenda hajawahi kufanya. Raha ni kitu kimoja na maana ni kitu kingine. Maana ya kazi hiyo ni mtoto atakayekula bila ya kuvunja jino. Omena huliwa mzima, kichwa na mifupa, na ndiyo sababu huwajenga watoto mifupa. Mama aliyeinama juu ya ungo anaujenga mwili wa mwanawe, ingawa kwa macho anaonekana kama mtu anayepoteza wakati na vijiwe.

Tena mna elimu ndani ya kazi hizi ambayo hatuipi heshima yake. Chukua mboga za kienyeji za nyanda hizi za ziwa, kama vile osuga, yaani mnavu, na dek, ambayo wengine huiita saga au mwangani. Mboga hizi ni chungu. Mpishi mgeni akizipika siku moja na kuzipakua, utazisukuma kando. Lakini mpishi anayejua huzichemsha, akazitia maziwa, akaziacha, kesho akazipasha moto na kuongeza maziwa, na kesho kutwa vivyo hivyo. Kila siku uchungu hupungua na utamu huzidi. Hakuna siku hata moja kati ya hizo ambayo imefanyika jambo kubwa. Ni kupasha moto tu, na kurudia. Lakini mboga ya siku ya tatu si mboga ya siku ya kwanza. Ukitaka kujua kazi ya kurudiarudia huzaa nini, funua chungu hicho.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu huitumia methali hiyo tunapozungumzia akiba ya fedha. Mimi nadhani inafaa zaidi tunapozungumzia malezi. Hakuna mtu aliyelelewa kwa siku moja. Wewe unayesoma haya ulijengwa kwa maelfu ya vikombe vya uji, na hukumbuki hata kimoja.

Kuna kisa cha kale ambacho watu wa kando ya ziwa wanakijua vizuri, nacho ni cha Nyamgondho mwana wa Ombare. Huenda ulikisikia kwa nyanya yako. Kama hukukisikia, acha nikusimulie kwa ufupi.

Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini huko Gwassi, katika sehemu ambayo sasa ni Kaunti ya Homa Bay. Siku moja alikwenda kutazama mtego wake, na badala ya samaki akamkuta bibi kizee. Aliogopa, lakini bibi alimsihi amchukue nyumbani, naye akamchukua. Tangu siku hiyo maisha yake yakageuka. Zizi lililokuwa tupu likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akapata jina. Kisha akapata na mazoea ya pombe. Usiku mmoja alirudi amechelewa, akiwa amelewa, akakuta lango la boma limefungwa. Aliita, na hakufunguliwa upesi kama alivyotaka. Basi akafoka na kutukana, akamkumbusha yule bibi kwamba alimwokota majini.

Bibi hakujibizana naye. Aliondoka, akashika njia ya ziwani, na ng'ombe wakamfuata. Mbuzi wakafuata, kuku wakafuata, na mali yote iliyokuja naye ikaingia majini pamoja naye. Nyamgondho alibaki ufuoni ameegemea fimbo yake akitazama. Wengine husema aligeuka kuwa mti, wengine husema aligeuka kuwa jiwe, na hadi leo wageni huonyeshwa mahali pale Nyandiwa.

Wengi tukisimuliwa kisa hiki hufunzwa ubaya wa pombe na majivuno, na hayo ni kweli. Lakini hebu tazama tena lile lango. Usiku ngapi kabla ya ule, bwana huyu aliporudi alikuta lango linafunguliwa? Mtu fulani aliamka, akatoka kwenye joto, akatembea gizani, akaondoa kizuizi, akamwingiza. Hatuambiwi kwamba aliwahi kusema asante. Aliliona lango siku lilipofungwa. Mtu huyo hakupoteza mali yake kwa usiku mmoja. Aliipoteza polepole, kila usiku alipopita langoni bila ya kumwona aliyelishika.

Swali ni hili, basi. Nyumbani kwako, ni nani anayekufungulia lango?

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa kiume huenda wasilifurahie. Mazungumzo ya shukrani yanaweza kutumiwa vibaya. Ni rahisi sana kwa mtu aliyeketi kumwambia aliyesimama kwamba kazi ni baraka. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumsifu mpishi ili apike tena. Mwaka wa 2021 serikali ilifanya uchunguzi wa jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao, na ikabainika kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia kwa kazi za nyumbani na za kuwatunza wengine zisizo na malipo. Mara tano! Mwenye mzigo huo hahitaji hotuba ya kumfunza kushukuru. Anahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa beseni.

Fikiria maji. Katika mitaa kama Nyalenda, Manyatta na Obunga, nyumba nyingi hazina mfereji ndani. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 kwenye kioski au kwa mwenye mkokoteni. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ziwa lenyewe liko pale linaonekana, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na maji yake hupigwa pampu pale Dunga, yakasafishwa na kusambazwa mjini. Lakini hatua za mwisho, kutoka kioski hadi jikoni, hazina pampu. Zina shingo ya mtu. Mara nyingi ni shingo ya msichana ambaye naye ana mtihani kesho kama kaka yake aliyeketi na kitabu.

Kwa hiyo nasema hivi: shukrani ya kazi ndogo haianzi mdomoni. Huanza mikononi. Huwezi kushukuru kikamilifu kazi usiyoijua, na huwezi kuijua kazi kwa kuitazama. Ichambue omena mwenyewe siku moja, gorogoro nzima, ndipo utakapojua kinywa chako kinasema asante kwa lipi. Ubebe mtungi mmoja tu kutoka kioski hadi mlangoni, ndipo utakapoacha kumwaga maji ya kuoga kama uliyepewa ziwa zima kuwa urithi.

Kwa ndugu zetu Wakristo, nawakumbusha habari moja iliyo mwishoni mwa Injili ya Yohana. Wanafunzi wa Yesu walikuwa wamevua samaki usiku kucha katika ziwa la kwao. Kulipokucha walimkuta Bwana wao aliyefufuka ufuoni. Tungetarajia kumkuta kwenye kiti cha enzi. Walimkuta ana moto wa makaa, mkate na samaki juu yake, na akawaita waje wafungue kinywa. Nani atakayesema tena kwamba kuwasha jiko na kuwapikia watu waliochoka ni kazi ya kumshushia mwanamume hadhi?

Nanyi wanafunzi, msidhani nimewasahau. Huko Japani, watoto wa shule husafisha madarasa yao wenyewe, pamoja na veranda na vyoo. Hawafanyi hivyo kwa adhabu. Ni sehemu ya masomo. Mashabiki wa nchi hiyo wamejipatia sifa duniani kwa kuokota takataka uwanjani baada ya mechi, tangu Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa hadi lile la 2022 kule Qatar, hata siku timu yao iliposhindwa. Hawakufunzwa hayo uwanjani. Walifunzwa na ufagio wa darasani. Nasi hapa Kenya zamu za usafi zipo shuleni tangu jadi, lakini mara nyingi tumezigeuza kuwa adhabu ya aliyechelewa. Mtoto akifunzwa kwamba ufagio ni adhabu, atakapokuwa mtu mzima atamdharau kila anayeushika, na huyo anayeushika anaweza kuwa mama yake.

Sasa acha nizungumze nawe uliyechoka. Najua umo miongoni mwa wasomaji wangu. Huenda ulisubiri hadi wote wakalala ndipo ukalishika gazeti. Sikuambii ujilazimishe kufurahi. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, usiidharau kazi yako kwa kuwa wengine wameidharau. Mtu akikuuliza unafanya nini, usijibu, "Mimi nakaa nyumbani tu." Hakuna anayekaa katika nyumba hiyo kidogo kuliko wewe! La pili, usifanye yote kimyakimya ukingoja kuonekana. Sema. Gawa kazi. Mtoto wa miaka minane anaweza kufagia, wa miaka kumi na miwili anaweza kusonga ugali, awe mvulana au msichana. Kumfunza hivyo si kumtesa. Ni kumpa macho ya kuona.

Na katika siku yako yote, chagua kazi moja ndogo ambayo ni yako, uifanye bila ya haraka. Huenda ni kikombe cha kwanza cha chai kabla nyumba haijaamka. Huenda ni kuanua nguo jioni jua linapozama ziwani, zikiwa bado na joto lake. Dakika kumi za namna hiyo hazipunguzi mzigo, lakini hukukumbusha kwamba wewe ni mtu, wala si mashine ya kuosha.

Ili tusiachane kwa maneno matupu, nina kazi ya nyumbani ya wiki hii kwa kila msomaji.

Kwanza, chukua kazi moja ambayo siku zote hufanywa na mtu mwingine nyumbani, uifanye tangu mwanzo hadi mwisho. Nasema hadi mwisho. Baba akiingia jikoni "kusaidia", kisha akauliza chumvi iko wapi, mwiko uko wapi, kiberiti kiko wapi, na hatimaye akaacha sufuria tatu chafu, hajasaidia. Ameongeza kazi. Mwambie, "Mama watoto, leo keti," kisha umwache aketi kweli.

Pili, toa shukrani inayotaja kitu. "Asante kwa yote" ni maneno mazuri lakini hayana uzito, kwa maana hayaonyeshi kwamba uliona lolote. Sema, "Asante kwa kunipigia pasi sare usiku stima zilipopotea." Sema, "Hawa omena hawana hata punje ya mchanga." Wajaluo wakishukuru husema erokamano. Ndani ya neno hilo mna kamano, yaani "hivyo" au "namna hiyo". Mimi hupenda kulisikia kana kwamba anayeshukuru ananyooshea kidole kile hasa alichotendewa. Shukrani ya namna hiyo hailipwi fedha, wala haisahauliki.

Tatu, ikiwa nyumbani kwako kuna msichana au mama aliyeajiriwa kukusaidia, jua kwamba asante yake ya kwanza ni mshahara kamili, kwa siku mliyoagana. Maneno matamu juu ya mshahara uliocheleweshwa ni sawa na asante ya punda, nayo mnaijua ni mateke. Ukiisha kumlipa, mwite kwa jina lake, na umwachie siku yake ya kupumzika bila ya kumtafutia kazi ya dharura.

Msomaji, maisha yetu mengi hayaundwi na sherehe. Harusi ni siku moja, mahafali ni siku moja, hata uchaguzi wenye kelele zake zote ni siku moja. Siku nyingine zote ni za kuamka, kuchota, kupika, kufua na kulala ili kuamka tena. Tukingoja siku kubwa ndipo tushukuru, tutakuwa tumeruka sehemu kubwa ya umri wetu, na tutakuwa tumewaruka watu walioibeba.

Chakula cha mchana nadhani sasa kiko tayari. Likunje gazeti, uende jikoni ukatazame ni nini kimebaki kufanywa. Ukikuta pana sahani za kupakuliwa, pakua. Ukikuta zimekwisha kupakuliwa, basi ngoja. Zitahitaji kuoshwa.

Nakutakia wiki njema. Tukijaliwa tutaonana Jumapili ijayo.